Maranda ya Luanne Setzer

Niseme ukweli: Luanne Setzer nilimwonea kijicho. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, niliamka kila alfajiri nikaenda kazini kumtazama.

Karakana yetu ya makabati iko mji wa Hickory, Marekani. Kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyeendesha mashine ya kompyuta, ile inayokata mbao kwa kisu kinachozunguka. Luanne, mjane wa mabega mapana, alikuwa kwenye meza ya msasa. Kazi yake ilikuwa kusugua alama nyeusi za kuungua ambazo kisu changu kiliziacha kwenye mbao nyeupe za mti wa mepo. Mbao zikiungua, mimi nilipunguza mwendo. Si ndiyo akili? Ukiona moshi, unakwenda polepole.

Siku moja akaja, mkate wa maini mkono mmoja, akachota vumbi chini ya mashine na kunionyesha mbele ya wenzangu.

"Dwight, baba, huu ni unga. Umefungua kinu siku hizi? Kisu chako hakikati, kinasugua tu, ndiyo maana kinaunguza. Kipe mwendo! Yakitoka maranda manene, joto linatoka nayo."

"Rudi kwenye msasa wako, mama."

"Haya, endelea kuchoma nyama!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Roho iliniuma nikashindwa kula. Alikuwa amesugua makosa yangu miaka kumi na moja, na makosa hayo hayo yakamfundisha kazi yangu kunishinda.

Kisha Coy Huffman, mwenye karakana, akatangaza kwamba ananunua mashine mpya, na atakayekata safi zaidi ndiye atakayepewa. Luanne akaandikisha jina.

Siku ya majaribio nilianza mimi. Nikapandisha mwendo kutoka inchi mia na ishirini kwa dakika hadi mia tatu na sitini, nikapunguza kidogo mizunguko ya kisu. Mashine ikanguruma, maranda yakaruka. Ukingo wa ubao ukatoka mweupe pe!

Coy akapitisha kidole. "Loo! Haya umejifunza wapi?"

Luanne alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu.

"Miaka kumi na tisa, bosi," nikasema.

Coy hakungoja hata zamu ya Luanne. Mashine ikawa yangu.

Mwezi haukuisha, akaniita. "Mbao haziungui tena. Meza ya msasa haina kazi. Mwambie wewe Luanne, mmezoeana."

Nikamwambia pale tunapotundika aproni. Akaikunja yake taratibu.

"Kwa hiyo nimejifukuza mwenyewe."

"Luanne, mimi..."

"Wee, usinililie hapa! Ukibadilisha kisu, namba zile za mwendo na mizunguko hazitafaa. Utamuuliza nani?"

Akachukua mkoba wake akatoka, nami, mwenye mashine mpya, nikabaki mlangoni nikimwonea wivu.