Korosho Mbichi na Sayari ya Zuhura

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya Zuhura, ile tunayoiona iking'aa jioni kama nyota. Akanisomea kwamba ni sayari jirani yetu, mawingu yake ni tindikali, na vyombo vilivyowahi kutua huko viliharibiwa na joto muda mfupi tu baada ya kufika, na sasa wanasayansi wanataka kutuma vingine.

"Sasa mama, wanarudi kutafuta nini?"

Pua yangu ilishafika Newala, kijijini nilikokulia, kwenye moshi wa korosho.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, bibi yangu alikuwa anakaanga korosho uani, juu ya kipande cha bati. Mafuta ya maganda yaliruka na kuwaka, na moshi wake ulitukaba koo. Mimi niliamini moto wote ule ni bibi kutuchelewesha tu sisi wajukuu. Nikaiba korosho moja mbichi, nikaing'ata na ganda lake.

Mafuta ya ganda yakaniunguza, mdomo ukavimba kama andazi. Bibi alicheka kwanza, ndipo akanipaka mafuta ya nazi.

"Bibi," nikauliza huku nalia, "nani alijua ndani mna kitu cha kula?"

"Mtu aliyeungua mdomo kama wewe, mjukuu wangu. Halafu akarudi."

Akapasua moja iliyoiva, akanitia kinywani. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi, nami nilidhani ni uzee. Leo najua kila doa lilikuwa la kuungua, na hakuna msimu ambao bibi aliacha kukaanga.