Wakili wa Chumba cha Kufulia

Jamani, leo nimesimama katikati ya mahojiano ya kazi na wote wakadhani naondoka!

Digrii yangu ya sheria ya Nairobi haijawahi kunifikisha mahakama yoyote ya Stockholm. Miaka sita naendesha basi (nalipenda, msinicheke). Leo kampuni moja ya nyumba kule Bredäng, pembeni mwa jiji, ikaniita. Inatafuta mtu wa kupatanisha wapangaji wanaogombania zamu za kufua nguo kwenye chumba cha pamoja cha jengo.

Nikavaa suti niliyoapishwa nayo uwakili. Tumbo halikukubaliana nayo.

Ndani nikakuta watu watatu wamevaa sweta, wanakunywa kahawa. Mama mmoja akauliza, "Wapangaji wawili wanabandikiana barua za matusi mlangoni. Utaanzaje?"

Nikasimama. Mahakamani kwetu wakili hasemi akiwa amekaa!

Nao wakasimama. Mama akaninyooshea mkono wa kwaheri. "Unatuacha mapema hivyo?"

Aibu, ndugu zangu! Nusura niushike ule mkono nirudi kwenye basi langu.

Nikasema, "Hapana, siendi popote. Tukae. Nitaanza kwa kumuuliza kila mmoja nini kilimuudhi siku ya kwanza, kabla ya barua."

Wakacheka, wakakaa. Tukaongea saa nzima.

Simu imelia sasa hivi: nimepata miezi mitatu ya majaribio.

Mke wangu kauliza, "Baba Ciku, na wigi la mahakamani utavaa?"

Wanasheria wenzangu mnaosafisha ofisi na kutunza wazee, nani anakuja kwangu Alby Jumapili baada ya ibada? Tunaandika maombi ya kazi, na hatoki mtu kabla hajatuma.