Mikono ya Msingaji

Dada yangu Tumu hajui kukaa. Hata ukimpa kiti, mikono yake itatafuta kazi. Miaka thelathini amewasinga mabibi harusi wa Malindi, akiwasugua kwa unga wa liwa na marashi, mpaka mwili uteleze na kunukia. Basi siku zake za mwezi zilipokatika, joto likawa linampanda, ngozi ikamkauka na kumwasha kutwa, hakuuliza mtu. Akajisinga mwenyewe. Kila siku, kwa maji ya moto na ndimu, utadhani mwari wa kuolewa kesho!

"Dada, unajichubua," nikamwambia.

"Wewe umemsinga nani hata unifunze?"

Kweli, sijamsinga mtu.

Viganja vikapasuka. Na imebaki wiki moja tu kwa harusi ya Hadiya, mjukuu wake wa pekee, aliyemwahidi tangu mdogo kwamba hatasingwa na mkono mwingine.

Siku ya kwanza ya singo, Hadiya alilala kifudifudi mkekani. Tumu akapitisha kiganja mgongoni, mtoto akashtuka. Mistari myekundu wanawake sote mle chumbani tuliiona. Tumu akainuka, akatoka uani, akawa anazunguka huku anajikuna mikono.

Nikamburura hadi zahanati. Muuguzi Kahonzi, mwanamke wa rika letu, alivitazama vile viganja akaguna.

"Mama, hedhi ikikoma ngozi huwa nyembamba, mafuta yake hupungua. Nawe unaisugua kama sufuria! Ndimu acha. Koga maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato. Ukitoka tu, mwili ungali na unyevu, jipake mafuta mazito. Na jua kali ujifunike."

"Basi? Hakuna dawa?"

"Dawa ni kuiacha ipumzike. Ikizidi kuwasha, rudi tuangalie zaidi."

Kuiacha! Si bora angemwambia aache kupumua? Siku nne zilizofuata singo ilisimama, naye alinitia wazimu. Anapaka mafuta, anakwenda dirishani kwenye mwanga, anarudi. "Vimelainika?" Sijajibu, yuko dirishani tena. Alikuwa na hofu, maskini, nami niliogopa pamoja naye.

Siku ya mwisho mipasuko ilikuwa imeanza kufunga, lakini viganja bado vinakwaruza. Tumu akanisukumia bakuli la singo.

"Singa wewe." Akaenda kusimama nyuma ya pazia.

Nilijitahidi, wallahi. Hadiya alikuwa amefumba macho. Baada ya kitambo akasema, "Huyu si Bibi."

"Ni mimi, bibi yako mdogo."

"Mikono yako laini, Bibi Mdogo, ila una haraka. Yuko wapi mke mwenzangu?"

Wanawake wakaangua kicheko kwa utani huo wa mjukuu na bibi yake. Mimi niliona wivu, sikatai. Pazia likafunguka.

Tumu hakuligusa bakuli. Alijipaka mafuta ya nazi tele, akaketi mkekani, akaviweka viganja mgongoni mwa mtoto na kuvipeleka polepole, bila kusugua. Machozi yalikuwa yakimtoka. Muda si muda tukamsikia Hadiya akikoroma.

"Mwamshe, mpakaji wa hina amefika," nikasema.

"Mwache alale."

Mikono yake ilikuwa imetulia palepale mgongoni. Haikujikuna, haikutafuta kazi. Akakaa vivyo hivyo mpaka alasiri ikaadhiniwa.