Mikono Miwili ya Kushoto

Mdogo wangu ni fundi wa nguo, na ni fundi kweli. Nasema hilo mapema kwa sababu haya mengine nayasema nikiwa na hasira naye. Yeye hupima, hukata na kushona. Mimi dada yake nakaa dirishani, nashona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono. Chumba chetu ni kimoja: meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo, na pazia la kubadilishia nguo. Tangu aanze kuweka picha za nguo mtandaoni tumekuwa watatu humu ndani, na huyo wa tatu ni simu.

Simu hiyo haina adabu. Inalia mteja akiwa amenyoosha mikono apimwe, na mteja anabaki hivyo hivyo, akingoja fundi amalize kujibu. Na anayejibiwa ni nani? Mtu anayeuliza "Bei?" chini ya picha iliyoandikwa bei. Mmoja tumempa jina, Bibi Nitarudi. Akishaelezwa rangi, saizi na siku ya kuchukua, anaandika "nitarudi", na hajawahi kununua hata kifungo. Nilimwambia mdogo wangu apunguze.

"Dada, biashara siku hizi iko huku," alisema. "Nikichelewa kujibu wanahamia kwa wengine."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu, ila nyongo ilikuwa imenipanda.

Halafu akaja mwalimu mkuu, mteja wetu tangu tukiwa na cherehani moja. Alikuwa anastaafu, akataka gauni la kuvaa siku ya kuagwa. Kitambaa alikuwa amenunuliwa na binti yake aishiye mbali, nacho kilitosha gauni tu, hakikubaki hata cha leso.

"Mikono iwe mirefu, Fundi," alisema. "Hili kovu langu la moto unalijua."

Siku ya kukata, mdogo wangu alitandaza kitambaa, akaweka juu yake karatasi ya kukatia mkono, akakata mkono wa kwanza. Simu ikalia. Alikuwa Bibi Nitarudi, anauliza kama lile gauni la bluu lipo la kijani. Mdogo wangu akajibu, akatuma picha, akacheka kidogo, akarudi mezani. Kila fundi anajua kwamba kabla ya kukata mkono wa pili unaigeuza karatasi, utoke wa kulia. Hakuigeuza. Mimi nilikuwa na pindo la sketi, sikuona kitu mpaka aliponiletea vipande. Nikavilaza magotini, kimoja juu ya kingine. Vyote vilikuwa vya kushoto.

Akakaa chini. "Dada, nifanyeje?"

"Muulize Bibi Nitarudi," nilimjibu, na sijutii.

Tulizunguka maduka ya vitambaa mpaka miguu ikavimba, hatukukipata kitambaa kile. Mwishowe mikono yote miwili akaishona kwa kitambaa kingine cha rangi inayokaribiana. Kukaribiana si kufanana, na hata mimi nisiyeona vizuri niliona.

Mwalimu akaja kulijaribu. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akiuvuta mkono wa kulia ushuke.

"Kovu limefichika," alisema. "Lakini mwanangu atajua hiki sicho alichoninunulia."

Mdogo wangu akaanza kuomba radhi, na hapo hapo simu ikalia. Mkono wake ukaifuata wenyewe. Niliona aibu mpaka nikainamisha kichwa.

"Jibu tu, Fundi," mwalimu alisema kwa upole. "Kosa langu ni kuja kwa miguu. Ningekuandikia huko, ungenisikiliza."

Akavua gauni, akalikunja mwenyewe, akaondoka. Mdogo wangu alilia juu ya meza ya kukatia. Sikumbembeleza.

Kesho yake asubuhi aliandika tangazo kwenye ukurasa wake: "Asubuhi tunakata na kupima. Ujumbe unajibiwa mchana." Wa kwanza kuandika chini yake aliuliza, "Bei?" Mdogo wangu akaitia simu ndani ya kopo la vifungo, akalifunika, akaniwekea mapajani, akarudi mezani kukata.

Haukupita muda, kopo likaanza kutetemeka, vifungo vikigongana ndani. Mkasi ukasimama.

"Nani huyo, Dada?"

"Sijui."

Likatetemeka tena. Alikuwa ananitazama kama mtoto mwenye njaa, na kusema kweli huruma iliniingia. Nikalikumbatia kopo kwa mikono miwili.

"Geuza karatasi," nikamwambia, "ukate."