Kuku Alionekana Vizuri

Kazi yangu ni kuwachelewesha watu kwa ustadi. Kwenye kadi ya ofisi imeandikwa kwa maneno makubwa zaidi, lakini ukweli ndio huo. Nauza na kufunga enkoda, visanduku vyeusi vyenye ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Kisanduku hupokea picha kutoka kwa kamera, huibana iwe nyepesi, kisha huituma kwenye intaneti ili mtu aliye mbali aitazame kama televisheni. Kanisa likitaka ibada yake ionekane hadi majuu, linatupigia. Kituo cha televisheni chenye chumba kimoja, mtangazaji mmoja na pazia moja la kijani kikitaka kwenda hewani, kinatupigia pia. Tuko Thika, orofa ya pili, juu ya duka la chakula cha kuku.

Wateja wote huuliza swali moja: "Na ni live kabisa?" Nami hujibu kwamba ni live kabisa. Ni live vile chai ya mkahawa ni ya maziwa. Picha hubanwa, na kubanwa huchukua muda. Ikifika upande wa pili, huwekwa kwanza kwenye akiba, ili mtandao ukijikwaa pasiwe na mtu aliyeganda mdomo wazi. Ukipunguza akiba, picha inafika haraka lakini inakatika vipande vipande. Ukiiongeza, picha inakuwa safi, ila mchungaji ameshasema amina na kwenda kula wakati wewe bado unaungama. Lazima uchague kimoja. Watu wenye akili huchagua kulingana na kazi iliyopo. Mimi, siku yangu ilipofika, nilichagua kulingana na mapenzi.

Mchumba wangu yuko majuu. Tulikutana Juja tukiwa wanafunzi wa uhandisi, tukipika mayai kwenye chumba ambacho mlango ukifunguka lazima mtu mmoja apande kitandani. Siku moja alibeba mtungi wa gesi kwa mkono mmoja ili nione nguvu zake. Niliziona. Mtungi uliangukia mguu wangu wa kulia, ukucha wa kidole gumba ukang'oka, na ulipoota tena uliota umepinda, na kovu juu yake kama mundu mdogo. Alilia kuliko mimi. Alinibeba mgongoni hadi kliniki, akaapa mbele ya muuguzi kwamba hata mbinguni, watu wakiwa wamejaa huko, atakitambua kidole kile. Muuguzi alicheka. Mimi niliamini, maana nilikuwa na maumivu na umri mdogo, na vyote viwili hupunguza akili.

Baadaye akapata kazi ng'ambo, akaenda. Karatasi zake za kuishi huko hazijakamilika, na akitoka kabla hazijakamilika hataruhusiwa kurudi. Kwa hiyo wazee wa pande zote mbili waliamua kwamba ruracio, yaani sherehe ya mahari, ifanyike bila yeye. Wazazi wake waje Kalimoni kwa baba yangu, mbuzi waje, kreti za soda zije, naye atazame kwenye skrini. Kila mtu aliona ni mpango mzuri. Mbuzi hasa hawakuhitaji visa.

Aliyetia mchanga kwenye kitumbua alikuwa dada mdogo wa baba, ambaye kwetu tunamwita tata. Kuna mila moja katika ruracio ambayo tata anaipenda kuliko chakula. Bibi harusi anafichwa kati ya wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani, na bwana harusi anatakiwa amchague wake kwa kutazama yale yaliyobaki: urefu, mwendo, mikono, miguu. Akikosea anatozwa faini, kwa kawaida mbuzi, na anachekwa mpaka wajukuu wasikie. Msemaji wetu, mjomba mmoja mwenye mapenzi makubwa na kipaza sauti, alipendekeza rafiki wa bwana harusi achague kwa niaba yake.

"Kwani ni rafiki anaoa?" tata akauliza. "Yeye mwenyewe atachagua. Si hii mtoto yetu inafanya kazi ya mambo ya TV? Alete hiyo TV."

Ndugu yangu akasema tutumie simu tu, video ya kawaida, kama binadamu wengine. Nilimtazama kwa huruma. Mimi, mtaalamu, nionyeshwe kwa mchumba wangu kupitia simu yenye kioo kilichopasuka, iliyoshikwa na mtu anayekula? Nilimwomba bosi enkoda bora tuliyonayo, ile ya laini mbili za mitandao tofauti, moja ikizimia nyingine inashika. Bosi akanipa, na onyo kwamba kanisa moja la Ruiru linaihitaji Jumapili.

Acha niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana siku ile sikumwambia mtu. Nilitaka anichague. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiongea kwa video kila jioni, na nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba anaongea na simu, si na mimi. Angeuliza kama nimekula, nimjibu, kisha aulize tena kama nimekula. Hakuna kosa hapo ambalo unaweza kulishika na kulipeleka kwa wazee. Lakini nilijiambia kwamba akinitambua chini ya leso, kutoka upande ule wa dunia, basi mambo yako sawa na mimi ndiye mwenye fikra mbaya.

Kwa hiyo nilimrahisishia. Mganga hajigangi, lakini mimi nilijaribu. Nilisimamisha kamera chini chini ili miguu ionekane vizuri. Niliongeza akiba ikakaribia nusu dakika, picha iwe safi hadi ukucha. Nilivaa ndala zilizo wazi, na kidole kile nikakipaka mafuta kikang'aa. Ningeweza pia kuandika jina langu kwenye paja la mbuzi, lakini niliona hiyo ingekuwa ni kuvuka mpaka. Kwa msemaji nilieleza mara kadhaa kwamba picha inachelewa kidogo, awe na subira. Akanihakikishia kwamba yeye ni mtu wa teknolojia.

Siku ya sherehe, sauti ya mchumba wangu ilikuja kwa simu ya kawaida, ikawekwa kando ya kipaza sauti ili uwanja mzima umsikie papo hapo. Picha yetu ilimfikia kwa njia yake, polepole, safi. Tulikuwa wanawake watano ndani ya nyumba, tumefunikwa leso za maua ya aina moja. Utaratibu ulikuwa rahisi: mmoja atoke, asimame mbele ya kamera, azunguke, kisha aende akasimame kando ya ua wa michongoma. Bwana harusi akimwona wake, apige kelele.

Wa kwanza alikuwa jirani. Wa pili nilikuwa mimi. Nilitoka nikitembea kwa mwendo wangu wenyewe, nikasimama, nikatanguliza mguu wa kulia kama mtu anayepima maji ya mto, nikazunguka polepole kuliko ilivyohitajika, nikaenda kwenye michongoma. Chini ya leso kulikuwa na joto la tanuri. Nilisimama pale nikisikiliza.

Wa tatu alipokuwa anazunguka, msemaji alishindwa kunyamaza. "Bwana harusi! Unatuona huko?"

"Nawaona fiti sana!" ikaja sauti yake, kubwa, ikijaza uwanja. "Aki hiyo picha iko clear! Hata kuku namwona! Ambieni fundi ako juu!"

Watu wakapiga makofi. Wakanipigia mimi, fundi, niliyesimama kwenye michongoma nikiwa nimefunikwa kama sufuria ya wali. Nakiri nilivimba kichwa. Hakuna mteja aliyewahi kunisifu mbele ya wazee.

Wa nne akapita. Alikuwa binamu yangu, msichana wa chuo. Wa tano ndipo alipojitokeza tata mwenyewe, ambaye alikuwa amejiingiza kwenye mstari bila kualikwa. Alikuwa amejifunika leso, anatikisa mabega kama anacheza ngoma. Alikuwa ndiyo kwanza amefika mbele ya kamera wakati simu ilipolipuka.

"Huyo! Huyo hapo! Huyo ndiye wangu!"

Tata akaifunua leso. Uwanja ukaangua kicheko. Wazee walicheka hadi mmoja akahitaji kushikiliwa. Mama mkwe wangu mtarajiwa alificha uso kwenye mkoba. "Amenichagua!" tata akapaza sauti. "Woi! Mimi naenda majuu! Nani atanichungia ng'ombe?"

Ilibidi nitoke michongomani, nijifunue mwenyewe, nichukue kipaza sauti na kutoa somo la enkoda kwa wageni wenye njaa. Nikaeleza kwamba bwana harusi hakumchagua tata. Picha inachelewa, mtandao wa Kalimoni siku ile ulikuwa mbovu, huenda akiba ilirundikana na kuchelewa kuzidi, na bila shaka yeye alikuwa ananiona mimi. Naye kwenye simu akadakia, "Exactly! Ni delay! Mimi nilimwona yeye!" Wazee wakaafikiana kwamba kosa ni la mashine, ila mbuzi wa faini atatolewa na bwana harusi, kwa kuwa mashine haina mbuzi. Tukala. Kila mtu alifurahi, na nadhani hata mimi nilifurahi.

Habari zilifika Thika kabla yangu. Nilipoingia kazini bosi alikuwa ameshasikia kwamba mashine yake imemwoza mchumba wangu kwa shangazi. Alitaka tuirudishe kwa aliyetuuzia kabla haijaliaibisha kanisa. Nikamwomba aniache niichunguze. Niliipima pale dukani, ikachelewa kama nilivyoiagiza, si zaidi. Basi nikafungua kanda ya sherehe, maana enkoda ile hurekodi kila inachotuma, ili nione mtandao ulizidiwa wapi.

Haukuzidiwa popote. Picha ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, kazi ya kupeleka kwenye maonyesho. Nikamwona jirani akizunguka. Nikajiona nikitoka. Na nilipotanguliza mguu wa kulia, kuku wa mama, yule mwekundu asiye na mkia, akaingia kutoka kushoto, akanisogelea, akadonoa karibu kabisa na kidole gumba changu, akaondoka zake.

Niliirudisha kanda mwanzo nikaitazama tena yote. Kuku hakuonekana kabla yangu. Hakuonekana baada yangu. Siku nzima aliingia kwenye picha mara moja tu, na alikuja kwa ajili ya mguu wangu. Kwa hiyo wakati mchumba wangu aliposema hata kuku anamwona, kwenye skrini yake, iliyokuwa nusu dakika nyuma yetu, nilikuwa nimesimama mimi, kidole kikiwa kimepakwa mafuta, kimejaa katikati ya kioo. Alimwona kuku. Alimsifu fundi. Kisha akangoja mpaka binamu yangu akamfikia kwenye skrini, kwa kuchelewa kule kule, ndipo akapiga kelele kwamba huyo ndiye wake.

Nikamwambia bosi kwamba mashine ni nzima. Akauliza sasa tatizo lilikuwa nini. Nikasema tatizo lilikuwa upande wa mpokeaji, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilikuwa nimetoa ripoti isiyo na uongo.

Iliniuma. Sitazunguka hapo. Nilikaa ofisini nikinusa chakula cha kuku kutoka chini, nikamtetea moyoni: leso zilikuwa za kufanana, alikuwa na wasiwasi, wazee wanamtisha. Nikajiambia pia kwamba kwa miaka mitatu ameona uso wangu tu, kuanzia kidevu kwenda juu, kama picha ya kitambulisho. Mtu anaweza kusahau miguu. Hilo lilinituliza kiasi cha kufika nyumbani Mwiki.

Jioni akapiga kama kawaida.

"Sasa mrembo. Umekula?"

"Nimekula."

"Hiyo mashine yenu ilinichomea, aki. Mbele ya watu wa kwenu! Mwambie boss anunue ingine."

Niliishusha simu nikaiweka sakafuni, nikaiegemeza kwenye mtungi wa gesi, kamera ikitazama miguu yangu. Nikavua ndala na kuusogeza ule wa kulia, pasipo na leso, pasipo na wanawake wanne wengine, pasipo na kuchelewa. Nikasimama tu. Nilikuwa nimejiambia kwamba akicheka, au akisema neno lolote juu ya siku ile ya kliniki, nitamsamehe kuku na kila kitu.

Alitazama kwa muda. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

"Haki pole," akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. "Hicho kidole uliumia wapi?"

Nikainua simu. Nikamwambia sauti inakatika, simsikii vizuri, nadhani ni network, nikakata.

Tata bado anamfuga yule mbuzi wa faini, na amenenepa. Kila tukikutana ananiuliza harusi ya kanisani ni lini, maana ameshashona nguo. Namwambia asubiri kidogo, picha bado haijafika.