Seva Ilipokufa, Nikaulaumu Udi wa Mke Wangu

Mimi ndiye niliyekosa. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkanionea huruma bure. Kwa miezi minne nyumba yangu haikufukizwa udi, na aliyeuzuia ni mimi, tena kwa sauti ya juu, mbele ya watoto. Udi wenyewe haukuwa na hatia yoyote.

Jina langu sitalitaja. Malindi yetu ni ndogo, na kazi yangu ni kutengeneza friji na viyoyozi, majumbani na mahotelini. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini kazi hiyo hasa ndiyo inayonitia aibu. Mtakaonitambua, nisitirini.

Mambo yalianza na simu kujaa. Ya mke wangu ilijaa, yangu ikajaa, na kila wiki tukawa tunabishana picha ipi ifutwe. Video ya nikahi yetu nayo ilikuwa kwenye kisahani cha DVD cha zamani kilichokwisha kukwaruzika. Humo yumo marehemu baba mkwe, ameushika mkono wangu, ananioza binti yake na kuniusia. Alifariki mwaka uliofuata, na hakuna pengine palipobaki sauti yake. Lishikeni hilo, maana ndilo lililokuja kunitesa.

Nikaamua kuunda seva ya nyumbani. Kwa asiyejua, ni kompyuta yenye diski kubwa, isiyozimwa, inayokaa pembeni na kuwatunzia nyote picha, filamu na nyaraka. Ukitaka kitu unakitazama kwa simu au televisheni, humo humo nyumbani.

Na nilipanga, wallahi! Nilinunua daftari jipya. Niliandika ubongo wa mashine uwe wa namna gani, kumbukumbu kiasi gani, feni ngapi, na betri ya akiba kwa siku stima inapotukimbia. Nilichora hata mahali pa kupitisha nyaya.

Binamu yangu ana duka dogo la kutengeneza kompyuta karibu na soko la zamani. Nilimwendea na daftari langu kwapani kama mtu anayekwenda kuposa. Akalisoma lote, akaniambia mambo matatu tu. Weka diski mbili, moja ikifa nyingine ipo. Chagua kasha linalopumua, maana joto la huku halina likizo. Na kitu usichoweza kukipata tena, kiwekee nakala nje ya mashine, hata kama diski ni mbili.

Nikaitikia yote matatu. Kisha nikaenda nikanunua diski moja, na badala ya ile ya pili nikanunua kasha la kioo lenye taa za kubadilika rangi. Ubongo nao nikauchagua mkubwa kupita haja, ule wa kuchemka upesi, nisije nikachekwa. Chombo kinakaa chini ya televisheni yangu mwenyewe, sijui ni nani angenicheka.

Kasha lilikuja limevikwa nailoni pande zote, ile nyembamba ya kukinga mikwaruzo. Sikuibandua. Jamani, kwetu nani hubandua nailoni? Rimoti yangu ina nailoni. Kochi la mama yangu limezeekea ndani ya nailoni yake. Nikajiambia itazuia chumvi ya bahari, ambayo huku hula hata bawaba za milango. Kisha nikachukua kitambaa cha kufuma cha mke wangu, nikaifunika mashine juu ikapendeza.

Mke wangu alisimama akaitazama. "Baba Rukia, chombo hiki hakitaki pumzi?"

Nikamjibu kwamba ufundi ni wangu, na vitambaa ni vyake. Maneno hayo nayakumbuka neno kwa neno, na kila nikiyakumbuka nataka kujificha.

Nikamwomba kile kisahani cha nikahi. Alikaa nacho siku mbili kabla ya kunipa, nikamtania kwamba ananifanyia ubahili. Nikaiingiza video kwenye seva. Kisahani, kwa kuwa kimekwaruzika, nikakitupa. Ndiyo, nilikitupa kwa mkono wangu huu!

Mwanzo ilikuwa raha mustarehe. Watoto walitazama filamu bila kugombania simu, na picha za Idi zikawa zinapita zenyewe kwenye televisheni wageni wakija. Nilijisifu kila mahali. Nikiwa juu ya ngazi nasafisha kiyoyozi cha mtu, namweleza habari za seva yangu hata kama hakuniuliza.

Sasa sikilizeni. Kwetu, Alhamisi alasiri mke wangu hutia udi kwenye chetezo na kukizungusha chumba hadi chumba, kuikaribisha Ijumaa. Alhamisi moja chetezo kilipopita sebuleni, seva ikazima. Alhamisi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nikaketi kuvizia. Moshi ukapita, taa zikafa. Nikaruka kama askari aliyemshika mwizi.

Nilichosahau ni kwamba Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa narudi mapema, namimina kwenye seva picha na video za wiki nzima, huku watoto wakitazama filamu yao. Siku hiyo mashine ilifanya kazi ya punda. Lakini akili yangu ilikuwa imekwisha kupata mshitakiwa, na mshitakiwa alikuwa anafuka mbele ya macho yangu.

Nikapiga udi marufuku. Mke wangu hakubishana. Alikipangusa chetezo, akakiweka juu ya kabati pamoja na kopo lake la udi, akaenda kupika. Mke wangu ni mtu wa Mambrui, na akinyamaza hajashindwa. Hilo nimekuja kulijua baadaye.

Nyumba ikapoteza harufu yake. Ikawa inanuka samaki wa jana na mafuta ya mashine yaliyo kwenye nguo zangu. Jirani akauliza kwa adabu kama tumefiwa. Rukia, binti yetu mkubwa, alirudi madrasa akasema buibui lake halinukii kama la wenzake. Mimi nikacheka. Mama yake hakucheka.

Na mnajua nini? Seva iliendelea kuzima vile vile! Nikasema ni moshi wa zamani uliobaki ndani.

Mwezi wa nne wa marufuku ikafa kabisa, diski inagonga ndani ko, ko, ko. Nikaipakia kwenye tuktuk mpaka kwa binamu. Aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri kwa heshima ya aliyekifuma. Kisha akaingiza ukucha kwenye pembe ya kasha, akavuta, na nailoni ikatoka nzima. Matundu yote ya hewa yakaonekana mbele ya wateja wake, kumbe hakuna hata moja lililokuwa wazi.

"Wewe si ndiye fundi wa viyoyozi?" aliniuliza.

Mimi, ninayewagombeza watu kila siku wasizibe mgongo wa friji, wasitundike nguo mbele ya kiyoyozi, kwa sababu chombo kikikosa pumzi hufa! Nikajaribu kutaja udi. Binamu akapitisha kidole kwenye feni, akanionyesha. Kilikuwa safi. Moshi usingeweza kuingia hata ungetaka, nilikuwa nimeuzibia njia zote.

Alihangaika na ile diski siku nzima asiambulie kitu. Picha za Idi mbili zilikwenda. Hatua za kwanza za mtoto wetu wa mwisho zilikwenda, na hizo hazitarudi, yule sasa anakimbia. Na video ya nikahi ikaenda nazo.

Alhamisi ya wiki hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Mambrui, kwa hitima ya marehemu mumewe tuliyopanga kuisoma kwetu. Aliomba jambo moja tu, awaonyeshe wajukuu babu yao anavyozungumza.

Siku tatu nilitembea na ile nailoni mfukoni, natunga uongo. Nitasema stima iliruka. La, nitasema binamu kaivunja. Uongo wa tatu naona haya hata kuuandika. Niliwaza kusema ni moshi wa udi, na huo ndio uliokuwa rahisi kuliko yote, maana nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuuamini.

Mama mkwe akafika alasiri. Nikampa shikamoo, akaniitikia, tukaulizana hali. Akaketi, akanusa kidogo, akauliza kwa upole mbona Alhamisi nyumba ya binti yake hainukii. Mke wangu akaacha kumimina chai. Alinitazama mimi.

Nilitaka kusema ni stima iliyoruka. Nikaghairi. Nikatia mkono mfukoni, nikaitoa nailoni, nikaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai.

"Mama, mashine niliiua mimi, kwa hii," nikasema. "Udi wa binti yako nimeusingizia miezi minne. Na sauti ya baba imepotea humo."

Machozi yalinitoka, wala sioni haya kuwaambia. Sikulilia mashine. Nilikuwa naangalia mikono ya yule mama, alivyoishika ile nailoni taratibu kana kwamba mumewe yumo ndani yake.

Mke wangu akainuka, akapanda kwenye kigoda, akateremsha kopo lake la udi. Akapekua chini ya vipande, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwenye pindo la leso kuukuu. Ilikuwa flashi.

"Zile siku mbili nilizokaa na kisahani, nilikipeleka kwa dada yangu akaninakilia," alisema. "Nikaiweka mahali ambapo wewe huna habari napo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo, hata seva ilipokufa.

"Ulisema ufundi ni wako," akanijibu. "Nami nilikuwa nangoja uniambie ukweli wa udi kwanza."

Tukaichomeka kwenye televisheni. Baba mkwe akatokea na kanzu yake, mkono wake umeufunika wangu. Video ile nimeitazama mara nyingi, kumbe siku zote nilikuwa najitazama mimi, nilivyopendeza. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuusikia wasia wake. Alisema, "Akikosea yeye, mwambie polepole. Ukikosea wewe, mwambie mapema."

Mama mkwe alifuta macho yake, akanigeukia. "Miezi minne, mwanangu," akasema. Kisha akaanza kucheka, mke wangu akacheka, watoto wakacheka bila kujua wanachokicheka, na mimi nikawafuata huku kamasi zinanitoka.

Basi wenzangu mnaopanga seva zenu, nawasihi. Nunueni diski ya pili kabla ya taa. Bandueni nailoni, hata kama roho inauma. Kitu kisichopatikana tena kiwekeeni nakala mbali na mashine, kwa dada, kwa mkwe, popote. Na chombo kikifa, kabla hujamtafuta wa kumlaumu, funua kitambaa ulichokifunika mwenyewe.

Seva mpya ipo. Imo kwenye kasha la bati la kawaida, haina taa hata moja, ina diski mbili na inapumua. Alhamisi makaa nawasha mimi, na chetezo nakizungusha mimi mpaka sebuleni. Haijazima hata mara moja.

Ile nailoni nilitaka kuitupa, mke wangu akakataa. Ameikunja, ameiweka ndani ya kopo la udi pamoja na flashi. Siku hizi nikianza kubishana naye jambo nisilolijua, hanijibu neno. Hunyanyua mkono tu, akalifungua kopo.