Ua la Mwalimu Doris, Nyuma ya Choo

Jirani yangu Mwalimu Doris, Mchaga wa watu aliyeletwa na kazi hapa Magomeni, alikuwa na bogenvilia kwenye chungu barazani. Mumewe Isaya ndiye aliyeipanda. Kila mwezi wa nane, sikukuu ya somo wa kigango chao, yaani mtakatifu msimamizi wa kanisa lao, maua yake mekundu ndiyo yaliyopamba altare, na Mwalimu siku hiyo hashikiki kwa maringo. Mimi Mwislamu, altare sijaiona, lakini habari zake zote ninazo, kwa sababu uzio wetu ni wa makuti na Mwalimu hajui kunong'ona.

Mwaka tisini na sita Isaya akafariki. Doris akahamishia mapenzi yote kwenye chungu. Maji asubuhi, maji jioni, mavi ya mbuzi, maji ya kuoshea samaki mpaka mapaka ya mtaa mzima yakahamia kwake. Bogenvilia ikanenepa majani, lakini maua wapi! Mwaka uliofuata akaiba maji ya baraka kanisani kwa chupa ya soda, akaimwagia huku anaangaza nyuma kama mwizi wa kuku. Majani yakazidi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwezi wa sita mwaka tisini na nane Yustina, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, akaweka maua ya plastiki altareni, kisha akaja kutangaza mwenyewe.

"Mwalimu, pumzika bwana. Ya plastiki tunapangusa vumbi tu. Hilo la Isaya limekwenda na mwenyewe."

Alipoondoka, Doris akalia. Wallahi nilimwonea huruma, maana kitu cha Isaya cha kusimama nacho mbele za watu kilikuwa hicho tu. Halafu machozi yakageuka hasira. Akakiburuta chungu mpaka nyuma ya choo, kwenye ukuta wa mabati, jua linakochoma kutwa.

"Nimekulisha, nimekunywesha, umeniaibisha! Kafie huku, mshenzi wewe!"

"Mwalimu, hilo ni ua," nikamwambia.

"Na wewe nyamaza, Mama Zuberi!"

Mvua za Elinino zilikuwa zimeshakatika, na hakuna aliyeipa bogenvilia hata tone. Majani yakapukutika. Nikasema innalillahi, basi. Asubuhi moja naanika makopa yangu, nikatupa jicho juu ya uzio. Kwekundu kwa maua!

"Mwalimu! Njoo chooni!"

"Kuna nini, nyoka?"

Akatoka na povu la sabuni mikononi, akasimama, akashika mdomo.

"Isaya, mume wangu," akasema. Alipopata pumzi akaongeza, "Kumbe lijinga hili lilitaka njaa!"

Sikukuu ilipofika, plastiki ikashushwa. Hakuna aliyeuliza maua yametoka upande gani wa nyumba, naye hakusema. Kesho yake Yustina huyo, na bakuli la korosho za kukaanga, sauti ya asali.

"Shoga yangu, nikatie kitawi nami nipande. Hebu niambie, siri yake nini?"

Nikakohoa kwenye uzio. Doris akatazama choo, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu aliyetoka kupokea komunyo kanisani sasa hivi. Akamkatia tawi zuri kabisa, hana choyo.

"Kulipenda tu, Yustina. Maji asubuhi, maji jioni. Na mavi ya mbuzi, usilinyime."